Namba ya masi: mwongozo kamili wa kuipata kwa protoni, nyutroni na elektroni

Daftari lilikuwa limejikunja kona, na katikati ya ukurasa mwanafunzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 11 + 12 + 11 = 34. Swali lilitaka namba ya masi ya atomi ya sodiamu yenye protoni 11, nyutroni 12 na elektroni 11. Kujumlisha kwake hakukuwa na kasoro, na jibu alilipigia mstari kwa rula. Nilipoweka alama ya kosa akaniuliza, "Lakini mwalimu, hizo elektroni si zimo ndani ya atomi? Mbona tunaziacha?"

Lile swali lilikuwa zuri kuliko jibu lake, na nimelisikia mara nyingi tangu jioni ile ya tuisheni. Wengi hukariri "protoni jumlisha nyutroni" bila kuambiwa sababu. Siku ya mtihani wakiwekewa elektroni mbele yao, wanaona vibaya kuziacha, kama mpishi aliyekabidhiwa viungo vitatu akadhani lazima vyote viingie chunguni. Kwa hiyo tutaanza na sababu, ndipo tuje kwenye hatua.

Kwa nini elektroni haziingii

Tuseme protoni moja ina uzito wa kilo moja ya sukari. Nyutroni nayo ni kilo moja, imezidi gramu moja na kitu. Elektroni kwa kipimo hichohicho inapata kama nusu gramu, maana zinahitajika elektroni zipatazo 1,836 ili kufikia uzito wa protoni moja. Sasa pima sodiamu. Protoni 11 na nyutroni 12 ni kilo 23. Elektroni zote 11 kwa pamoja ni gramu 6, kijiko kimoja na kidogo cha chai juu ya mzigo wa kilo 23. Mwenye duka hata hatakudai.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo inayotajwa sana. Kwangu mimi ya pili ina nguvu zaidi. Namba ya masi siyo uzito. Ni idadi ya chembe zilizomo kwenye kiini, yaani pale katikati ya atomi protoni na nyutroni zilipokaa, basi. Elektroni hazikai kwenye kiini. Ziko nje, na za ukingoni huenda na kurudi. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya mezani imeshampa klorini elektroni yake moja. Kama tungezihesabu, sodiamu ingekuwa na namba moja ikiwa peke yake na nyingine ikiwa kwenye chumvi, wakati kiini chake hakijaguswa hata kidogo.

Yule mwanafunzi angefarijika kujua kwamba waliomtangulia kuchanganya elektroni na kiini walikuwa wanafizikia wa heshima. J. J. Thomson alitambua elektroni mwaka 1897. Rutherford akaonyesha mwaka 1911 kwamba atomi ina kiini kidogo sana chenye chaji chanya. Tatizo likawa moja: nitrojeni ina chaji 7 kwenye kiini lakini uzito wake ni kama wa protoni 14. Zile nyingine saba ni nini? Kwa miaka mingi jibu lililokubalika lilikuwa kwamba kiini kina protoni 14 na elektroni 7 zinazofuta chaji ya nusu yake. Ilibidi kungoja hadi 1932, James Chadwick alipothibitisha kule Cambridge kwamba kuna chembe isiyo na chaji, nzito karibu sawa na protoni. Nyutroni ikaingia, elektroni zikatolewa kwenye kiini.

Maneno na alama utakazokutana nazo

Namba ya atomi ni idadi ya protoni, alama yake Z. Idadi ya nyutroni ni N. Namba ya masi ni A. Kuna vitabu vya Kiswahili vinavyosema "tungamo" badala ya masi, na jedwali la elementi huitwa pia mfumo radidia. Usishtuke, ni mambo yaleyale.

A = Z + N

Atomi ikiandikwa kwa alama, namba ya masi hukaa juu kushoto na namba ya atomi chini yake: ²³₁₁Na. Ila majedwali mengi ya ukutani hugeuza, namba ya atomi juu na uzito chini. Usitegemee mahali ilipokaa. Angalia ukubwa: kubwa ndiyo ya masi. Hidrojeni ya kawaida peke yake ina 1 na 1, kwa sababu kiini chake ni protoni moja tupu, haina nyutroni.

Isotopi, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, huandikwa pia kwa jina na namba, kama kaboni-14 au ureniamu-235. Hiyo namba ya mwisho ni namba ya masi. Kwa hiyo ukipewa jina la namna hiyo, umeshapewa jibu la swali la leo. Kinachobaki ni kurudi nyuma kutafuta nyutroni.

Hatua ya 1: zipate protoni

Anzia hapa kila mara, hata kama swali limeanza na kitu kingine. Protoni ndizo zinazoipa elementi jina. Ukizikosea hizi, yote yanayofuata ni kujumlisha hewa.

Mara nyingine umepewa protoni wazi, au umepewa namba ya atomi, ambayo ni kitu kilekile. Mara nyingine umepewa jina la elementi tu, basi unaenda kwenye jedwali na kuchukua ile namba nzima, isiyo na nukta. Kalsiamu ni 20. Chuma ni 26. Dhahabu ni 79. Hakuna kalsiamu yenye protoni 21 popote duniani; ikiwa na 21 si kalsiamu tena, ni skandi.

Njia inayowasumbua watu ni ya elektroni. Atomi isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni, kwa hiyo ukiambiwa "atomi ina elektroni 17", protoni nazo ni 17 na umemaliza. Lakini soma vizuri: swali limesema atomi au limesema ioni, yaani atomi iliyopoteza au kupokea elektroni? Neno hilo moja limewagharimu wanafunzi wangu maksi nyingi kuliko hesabu yenyewe.

Ioni, mahali penye mtego

Kwenye ioni kanuni ni hii:

protoni = elektroni + chaji

Chaji unaiingiza pamoja na alama yake. Ioni yenye elektroni 18 na chaji ya −2: protoni = 18 + (−2) = 16. Hiyo ni salfa. Ikiwa na nyutroni 16, namba ya masi ni 32. Ioni yenye elektroni 23 na chaji ya +3: protoni = 23 + 3 = 26, ni chuma. Ikiwa na nyutroni 30, namba ya masi ni 56.

Malalamiko ninayoyasikia hapa ni haya: "Mwalimu, ametoa elektroni, halafu tunamwekea alama ya kujumlisha?" Fikiria daftari la mkopo dukani. Elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo ichukulie kama deni. Mwenye madeni matatu akifutiwa yote, hali yake imepanda kwa matatu. Atomi ya chuma iliyopoteza elektroni tatu imefutiwa hasi tatu, ndiyo maana inasoma +3. Na klorini iliyopokea elektroni moja imechukua deni moja, inasoma −1. Katika yote hayo kiini hakikuguswa, na namba ya masi haikubadilika.

Ili kuona jinsi elektroni peke yake inavyoweza kukudanganya, angalia familia hii. Oksijeni yenye −2, florini yenye −1, neoni isiyo na chaji, sodiamu yenye +1, magnesiamu yenye +2 na alumini yenye +3: wote sita wana elektroni 10. Protoni zao ni 8, 9, 10, 11, 12 na 13. Namba za masi za isotopi zao za kawaida ni 16, 19, 20, 23, 24 na 27. Mtu akikuambia "ina elektroni 10" akanyamaza, hajakuambia kitu bado. Muulize chaji.

Hatua ya 2: zipate nyutroni

Hizi hazina njia ya mkato. Chaji haikuambii nyutroni, kwa sababu nyutroni hazina chaji. Elektroni hazikuambii. Jina la elementi nalo halitoshi, kwa kuwa elementi moja inaweza kuwa na isotopi kadhaa: magnesiamu ya asili ina tatu, zenye nyutroni 12, 13 na 14, na zote ni magnesiamu halali.

Kwa hiyo ama umepewa nyutroni wazi, ama umepewa uhusiano. Mifano ya uhusiano: "nyutroni zimezidi protoni kwa nne", "nyutroni ni sawa na protoni". Potasiamu yenye nyutroni mbili zaidi ya protoni: 19 + 2 = 21. Hapo ndipo unapoweza kwenda mbele. Kama swali halijatoa lolote kati ya hayo, halina jibu moja, na anayeuliza pengine anataka utumie isotopi iliyo nyingi zaidi.

Hatua ya 3: jumlisha, kisha kagua

Kujumlisha kwenyewe hakuhitaji maelezo. Kukagua ndiko kunakorukwa. Mimi huangalia mambo matatu kabla ya kufunga daftari.

Jibu lazima liwe namba nzima. Huwezi kuwa na nusu ya nyutroni. Jibu haliwezi kuwa dogo kuliko namba ya atomi. Na uwiano uwe na sura ya kawaida: kwenye elementi nyepesi, hadi kama kalsiamu, nyutroni za isotopi za kawaida hukaribiana na protoni au kuzidi kidogo. Kadiri unavyopanda, nyutroni huongezeka kwa kasi zaidi, kwa sababu protoni nyingi zilizobanwa pamoja husukumana na zinahitaji chembe zisizo na chaji za kuzishikilia. Risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126. Ukipata kalsiamu yenye nyutroni 5, umebadilisha namba mahali fulani. Rudi.

Swali linapokuja kwa mgongo

Watunga mitihani hupenda kuligeuza. "Atomi ina jumla ya chembe 40 za aina zote tatu. Namba yake ya masi ni 27. Ni elementi gani?" Usianze kubahatisha. Jumla ya chembe zote ni protoni, nyutroni na elektroni. Namba ya masi ni protoni na nyutroni. Ukitoa, zinabaki elektroni: 40 − 27 = 13. Ni atomi, haina chaji, kwa hiyo protoni ni 13. Alumini. Nyutroni ni 27 − 13 = 14.

Hapa, kwa mara moja, ile njia ya yule kijana ya kujumlisha vyote vitatu ina kazi. Namba 34 aliyoandika ni jumla halali ya chembe zote za sodiamu. Ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo halikuulizwa.

Mtego wa jedwali: klorini na nyutroni 18.5

Swali linasema: tafuta nyutroni za klorini. Mwanafunzi anafungua jedwali, anaona 17 na 35.5. Anatoa: nyutroni 18.5. Anaandika bila wasiwasi.

Ile 35.5 siyo namba ya masi ya atomi yoyote. Ni wastani. Klorini ya asili ni mchanganyiko: karibu robo tatu ni klorini-35 yenye nyutroni 18, na karibu robo moja ni klorini-37 yenye nyutroni 20. Chukua atomi 100:

75 × 35 = 2,625
25 × 37 = 925
Jumla 3,550, gawanya kwa 100, unapata 35.5

Darasa lenye wavulana 75 wa miaka 14 na wasichana 25 wa miaka 18 lina wastani wa miaka 15, na hamna hata mtoto mmoja mle mwenye miaka 15. Ndivyo ilivyo klorini. Hakuna atomi ya 35.5.

Kwa elementi nyingi kuzungusha wastani kwenye namba nzima iliyo karibu hukupa isotopi iliyo nyingi zaidi: kaboni 12.01 inakuwa 12, oksijeni 16.00 inakuwa 16, alumini 26.98 inakuwa 27. Ila usiifanye sheria. Shaba ina wastani wa 63.55. Ukizungusha unapata 64, na shaba-64 haipo kwenye shaba ya asili. Shaba inayotoka Katanga au Zambia ni mchanganyiko wa 63, kiasi cha asilimia 69, na 65, kiasi cha asilimia 31. Mwalimu anayeuliza nyutroni za shaba bila kutaja isotopi anawaonea watoto.

Kuna kitu kidogo hapa kwa wanaopenda kuchimba. Kama namba ya masi ni idadi, uzito halisi unakuwaje? Chukua kaboni-12, ambayo kwa mkataba uzito wake ni 12 kamili. Ndiyo rula ya kupimia nyingine. Sasa pima vipande vyake kimoja kimoja kwa kipimo hicho. Protoni ni 1.00728, nyutroni 1.00866, elektroni 0.00055. Sita za kila moja zinatoa 12.099. Vipande vikiwa mbalimbali ni vizito kuliko atomi iliyokamilika! Tofauti ya 0.099 ilitoka kama nishati chembe ziliposhikana. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu, si kupima. Kiini cha kaboni kina chembe 12 hata kama mizani inakuambia kuna kitu kimepungua.

Namba 40, majina matatu

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote, na una kwao hapa kwetu.

Fanya hesabu tatu. Protoni 18 na nyutroni 22: namba ya masi 40. Protoni 19 na nyutroni 21: 40. Protoni 20 na nyutroni 20: 40. Ya kwanza ni argoni, gesi isiyojishughulisha na mtu. Ya pili ni potasiamu, iliyomo kwenye ndizi na kwenye majivu ya kuni. Ya tatu ni kalsiamu, ya mifupa na chokaa. Namba ya masi ni moja, elementi tatu. Ndiyo sababu namba ya masi peke yake haitambulishi elementi, na ndiyo sababu hatua ya 1 ni protoni.

Potasiamu-40 ni adimu, kiasi cha atomi 12 katika kila atomi laki moja za potasiamu, nayo haitulii. Ina njia mbili za kubadilika. Mara nyingi, karibu mara 9 kati ya 10, nyutroni yake moja hugeuka protoni na kutupa elektroni nje. Hesabu: protoni 19 + 1 = 20, nyutroni 21 − 1 = 20. Imekuwa kalsiamu-40. Mara chache, karibu mara moja kati ya 10, kiini humeza elektroni moja ya atomi yenyewe, na protoni moja hugeuka nyutroni. Hesabu: protoni 19 − 1 = 18, nyutroni 21 + 1 = 22. Imekuwa argoni-40. Katika njia zote mbili 40 haikutikisika, maana chembe za kiini zimebadilishana sura tu, hakuna iliyoondoka. Angalia pia kwamba kiini kimemeza elektroni nzima na namba ya masi haikuongezeka. Sidhani kama kuna ushahidi mzuri zaidi wa kumwonyesha yule kijana.

Nusu ya potasiamu-40 huchukua miaka bilioni 1.25 kubadilika. Mwendo wa polepole kiasi hicho unafaa kupimia miamba. Volkano inaporipuka, argoni iliyomo kwenye mwamba ulioyeyuka hutoroka kwa kuwa ni gesi. Mwamba ukiganda, saa inaanza upya: argoni yoyote itakayozaliwa ndani ya madini imenaswa. Pima potasiamu iliyobaki, pima argoni iliyokusanyika, utajua imepita miaka mingapi.

Julai 1959 Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, aliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu kwenye Bonde la Olduvai, lile lililopewa jina Zinjanthropus, kutoka Zinj, jina la kale la pwani hii yetu. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yalipimwa kwa potasiamu na argoni, ikatoka miaka milioni 1.75. Wengi walikuwa wakifikiria umri mdogo zaidi ya huo kwa mbali. Msingi wa kazi yote ile ni kwamba 19 + 21 na 18 + 22 zinatoa jibu moja.

Na ukilitazama tena jedwali utaona kioja. Argoni, namba 18, ina wastani wa 39.95. Potasiamu, namba 19, ina 39.10. Nyepesi imekuja baada ya nzito! Waliopanga elementi kwa uzito walilikuta hili wakakuna vichwa. Mwaka 1913 Henry Moseley, kijana aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alipima miali ya eksirei ya elementi mbalimbali na kuonyesha kwamba mpangilio hufuata chaji ya kiini, siyo uzito. Argoni ina chaji 18, basi inatangulia. Moseley alifia vitani Gallipoli mwaka 1915, ana miaka 27. Na kwa nini argoni ni nzito? Kwa sababu zaidi ya asilimia 99 ya argoni tunayoivuta hewani ni argoni-40, na karibu yote ilizaliwa na potasiamu-40 ndani ya miamba ya dunia.

Maswali ya kujipima

Tafuta elementi na namba ya masi; pale masi imeshatolewa, tafuta nyutroni. Fanya bila kuangalia majibu. Andika protoni kwanza katika kila moja.

1. Atomi ina protoni 92 na nyutroni 146. Nyingine ina protoni 92 na nyutroni 143.
2. Ioni ina chaji +2, elektroni 10 na nyutroni 12.
3. Ioni ina chaji −1, elektroni 54 na nyutroni 78.
4. Atomi ina jumla ya chembe 87, namba ya masi 60.
5. Kaboni-14 hugeuza nyutroni moja kuwa protoni. Inakuwa nini, na namba ya masi ni ngapi?
6. Ioni ya amoniamu, NH₄⁺, imeundwa kwa nitrojeni-14 na hidrojeni-1 nne. Tafuta protoni, nyutroni, elektroni na jumla ya namba za masi.

Majibu

La 1: 238 na 235, zote ureniamu. Kati ya atomi 1,000 za ureniamu ya asili, kama 993 ni za 238 na 7 tu ni za 235, na hizo saba ndizo zilizotafutwa kwa udi na uvumba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwenye mawe ya Shinkolobwe, Katanga.

La 2: protoni 10 + 2 = 12, magnesiamu, namba ya masi 24. Ukipata 22, umechukua elektroni ukazifanya protoni.

La 3: protoni 54 − 1 = 53, iodini. 53 + 78 = 131. Iodini-131 ndiyo wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo huvuta iodini yenyewe.

La 4: elektroni 87 − 60 = 27, protoni 27, kobalti. Nyutroni 33. Kobalti-60 imetumika miaka mingi kwenye mashine za mionzi za kutibu saratani.

La 5: protoni 6 + 1 = 7, nyutroni 8 − 1 = 7. Nitrojeni-14. Masi ni 14 vilevile.

La 6: nitrojeni ina protoni 7 na nyutroni 7. Kila hidrojeni ina protoni 1, nyutroni hakuna. Protoni jumla 11, nyutroni 7, masi 18. Elektroni = protoni − chaji = 11 − 1 = 10. Sasa linganisha na ioni ya sodiamu: nayo ina protoni 11 na elektroni 10. Ukiniandikia kwamba NH₄⁺ ni sodiamu nitakuelewa, ila sitakupa maksi: protoni zake 11 zimegawanyika kwenye viini vitano, na jina la elementi husomwa kwenye kiini kimoja kimoja.